Geisha Aliyesema Yote

Kitabu kilikuwa na kurasa mia nne na ushee, nami nilikichukia tangu ukurasa wa tatu. Nilipewa na Klara, Mzungu aliyepanga nyumba inayotazamana na yangu hapa Mkunazini. Yeye ni mwandishi. Alisema nikisome kwa kuwa kinahusu maisha ya geisha mmoja, mwanamke wa kuwaburudisha wanaume, wa Japani ya zamani, na mimi, kwa maneno yake, ndiye geisha wa Unguja.

Mimi! Bi Riyama, niliyefundisha Kiingereza skuli hadi nikastaafu, somo wa nusu ya mabibi harusi wa mtaa huu! Somo humfunda mwari kabla ya harusi na kuwa naye siku saba za fungate, na anayoyajua ya chumbani huzikwa nayo. Wakati ule nilikuwa najitayarisha kumfunda Muzdalifa, aozwe mwezi wa Mfunguo Tatu. Dada yake, Khairat, nilimfunda mwaka juzi. Mama yao alinishika mikono yote miwili akasema, "Riyama, sina wengine. Nakukabidhi wanangu."

Basi nikasoma, huku nikisonya. Ukurasa huu maua yanadondoka, ukurasa ule machozi. Msichana amejifunza miaka na miaka kucheza, kupiga ala, kuandaa chai, lakini mwandishi haoni ila shingo iliyopakwa poda. Hana shoga wa kucheka naye. Hapati hata mafua! Kazi yake kumngoja bwana mmoja mwenye meli, ambaye mimi nisingempa hata kigoda.

Kilichonichefua zaidi ni mwisho. Kumbe bibi huyo, uzeeni, ndiye anayemsimulia mgeni habari zote: nani alilia, nani alikataliwa, nani ana kovu wapi. Mwanamke gani huyu asiye na kifua? Nikachukua kalamu nyekundu niliyostaafu nayo, nikaandika pembeni maoni yangu.

Kesho yake nikamwita Klara barazani nimsute. Nikamwambia kwetu mwari hapigwi mnada kama huyo wa kitabuni, wala hafundwi kuwafurahisha wanaume wa watu. Anafundwa asidhalilike.

"Mimi sioni tofauti kubwa," akajibu, kwa Kiswahili chake cha darasani.

Nikapandwa na hasira. Nikasema ngoja nikupe mfano. Nikamweleza habari za mwari mmoja, jina sikulitaja, aliyekaa na soksi siku tatu za fungate kwa sababu mguu wake wa kushoto una vidole sita. Nikamweleza nilivyouosha mguu ule kwa maji ya waridi, nikaupaka hina kidole kwa kidole, kisha nikamwita bwana harusi nikamwonya kuwa akicheka atanitambua. Hakucheka. Klara aliandika hata kalamu ikamwishia wino, nikampa yangu. Nilijiona nimemshinda.

Wiki mbili baadaye alikuja Khairat kutoka Paje, anakofanya kazi mapokezi ya hoteli.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukai?"

Hakukaa. Akanambia Klara alifika hotelini kwao, na baada ya chakula cha mchana akawasomea wageni kipande cha kitabu anachokiandika.

"Geisha wa Unguja mwenye vidole sita," akasema Khairat. "Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nami nimesimama pale kaunta, Somo. Viatu nlivaa, lakini nliona kama niko pekupeku."

"Jina lako sikulitaja."

"Nje ya nyumba ya mama wakijua wawili tu. Mume wangu na wewe."

Akatoa mkobani ile doti ya kanga niliyomvisha siku ya kumaliza fungate. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Akaiweka juu ya kile kitabu alichonipa Klara.

"Muzdalifa atafundwa na Bi Bashira," akasema, akaondoka. Hata mlango hakuubamiza.

Bi Bashira! Anayepaka hina kama anapaka chokaa ukutani! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nikaiondoa kanga, nikakifungua kitabu pale mwishoni, bibi alipokaa na mgeni wake. Maandishi yangu mekundu yalikuwepo pembeni, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Huyu si wa kukabidhiwa mtoto wa mtu."