Kadi za Njano

"Shemeji, umekosa akili au umekosa aibu?" Coy Maddox alisukuma mlango wa ofisi ya jaji kwa kisigino ukajifunga. "Uchaguzi ni wiki ijayo, nawe unamwacha wakili wa yule mshtakiwa Mweusi akuulize habari za kadi mbele ya watu!"

"Swali lake ni la haki," alisema Jaji Thaddeus Crowell. "Nimemwambia nitamjibu baada ya chakula."

"Basi mjibu kwamba majina ya Weusi yamo sandukuni. Si yamo?"

Yamo. Hapo ndipo palipomkaba. Katika wilaya ile ya Georgia, jaji mwenyewe ndiye aliyeingiza mkono sandukuni kuchota majina ya watu kumi na wawili wa kuamua kesi. Majina ya Wazungu yaliandikwa kwenye kadi nyeupe, ya Weusi kwenye kadi za njano. Coy, karani wa mahakama na kaka wa mkewe, ndiye aliyezikata. Na tangu kabla ya vita vya pili vya dunia Crowell hakuwahi kutoa hata moja ya njano. Hakuna aliyemwamuru. Jicho liliona, vidole vikapita pembeni.

"Ezell Pruitt akikutwa na hatia, Coy, ni kiti cha umeme."

"Kamuua mtoto wa Hutchens!"

"Labda. Ndiyo maana kuna kesi."

"Sikiliza, Thad. Ulikuwa mtoto wa kiwanda cha pamba, viatu vya kuazima. Nani alizunguka makanisa yote kukuombea kura? Ukivuliwa joho hilo, Nell hatakaribishwa hata kwenye kwaya."

"Nell nimemwambia asubuhi kwamba huenda nikavuliwa."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama jioni nataka pai ya pichi."

"Dada yangu naye!" Coy alicheka bila furaha.

Uwanjani wanaume walisimama kandokando ya magari yao, wakitazama dirisha lake. Crowell aliwajua wote kwa majina. Ghorofani mwa ukumbi wa mahakama, kwenye viti vya Weusi, mama yake Pruitt hakuwa ameshuka kula, asije akapoteza nafasi.

Saa ilifika. Sanduku hubebwa na karani. Leo jaji alilibeba mwenyewe. Watu walisimama. Yeye hakuketi.

"Chota tu, Thad," Coy alinong'ona nyuma yake. "Nakuomba."

Jaji alifungua kifuniko, akaligeuza sanduku juu chini. Nyeupe na njano zikamwagika mezani, nyingine zikaanguka sakafuni, kila mtu akiona.

"Bwana wakili, jibu lako ndilo hilo. Hatuchagui mtu kutoka humu. Majina yote yaandikwe upya kwenye kadi za rangi moja, ndipo kesi isikilizwe. Karani, andika amri."

Nyuma, mtu mmoja alivaa kofia mle mle mahakamani, kwa dharau. Coy hakugusa kalamu.

Jaji alinyoosha mkono akaichukua, akaandika amri yeye mwenyewe, akatia sahihi.