Malkia Kichwa Chini

Kipochi cha kwanza kilipotoka kwenye cherehani, mshonaji alikigeuza akatazama upande wa nyuma. Mbele, malkia wa kale alikaa wima juu ya farasi, mkuki mkononi, vilevile alivyochorwa zamani. Nyuma alikuwa kichwa chini, miguu juu.

Wifi yake, aliyekuwa akipiga bitana pasi, alichungulia.

"Makubwa! Mbele vita, nyuma sarakasi."

"Wifi, usinichekeshe. Nimekwisha."

Alizoea kushona vipochi vya maua: unakata kipande kimoja kirefu, unakikunja katikati, unashona mbavuni, unatia zipu. Ua hata likipinduka ni ua. Malkia ana kichwa na miguu. Na kitambaa chote alichopewa kilikuwa kimeshakatwa.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aache kuajiriwa: duka la makumbusho lilimpa kitambaa cha malkia ashone vipochi. Duka likiikataa, angerudi kwa bosi wake wa zamani mkono mbele, mkono nyuma.

"Peleka hivyohivyo," wifi alisema. "Nani anatazama nyuma ya kipochi?"

"Mimi nimetazama."

"Wewe mshonaji. Wenzio wanatazama malkia, wewe unatazama mshono."

Mshonaji alikifumua kipochi, akachukua mkasi, akakata pale kwenye mkunjo, akaigeuza nusu ya nyuma, akaziunga tena kwa chini. Malkia akakaa wima pande zote mbili. Ila mshono mpya ulimeza kwato za farasi. Walivishona vyote hivyo, wifi akinung'unika mpaka cha mwisho, lakini hakuharibu hata kimoja.

Kule makumbusho, msimamizi wa duka alichukua kipochi kimoja, akafungua zipu, akafunga, akageuza mbele na nyuma.

"Dada, mbona farasi hana kwato?"

Mshonaji angeweza kusema kitambaa kilichapwa hivyo.

"Nilikosea kukata, kaka. Huku nyuma malkia alikuwa kichwa chini. Nilipomweka sawa, kwato zikaingia kwenye mshono."

Msimamizi alikirudisha kipochi kwa wenzake.

"Hivi nitaviweka meza ya pembeni, kwa bei ya chini. Na jora lililobaki utalikataje?"

"Vipande viwili tangu mwanzo. Na chini naacha nafasi ya mshono."

Msimamizi aliingia stoo, akatoka na jora, akamkabidhi.

Nje, wifi alilipokea, akaliweka begani.

"Mimi nitabeba," alisema. "Lakini leo mkasi hushiki peke yako."