Mrija Mmoja wa Kina Aguti

Mrija ulikuwa mkononi mwake, mrefu kumzidi kimo, na Aguti hakujua afanye nao nini.

Wanaume kumi na wanne walikuwa wamekizunguka chungu cha ajon, pombe yao ya wimbi, kila mmoja ametumbukiza mrija wake. Katika ukoo huo, nje kidogo ya Malaba, neno la ardhi liliamuliwa chunguni. Kila mwenye mrija huvuta kwanza. Akishalowesha ulimi amekubali kufungwa na watakalosema wengi, na mkutano haufunguki iwapo hata mrija mmoja ungali mkavu. Anayeinuka kabla ya kunywa amekwenda zake, na mrija wake hupewa mwingine. Wanawake walitwanga wimbi, wakachemsha maji ya kuongezea chunguni, wakarudi jikoni.

Bibi yake, Aguti wa kwanza, alidai mrija wa wanawake kwa miaka thelathini. Alikuja na kigoda chake, akaketi nyuma ya wanaume, akafukuzwa. Mkutano uliofuata, huyo tena na kigoda. Alikufa hajauonja. Wajukuu wawili waliozaliwa mwaka huo walipewa jina lake. Mmoja alikwenda kufungua hoteli ya chapati na matumbo pale Busia. Wa pili ndiye huyu, karani wa karatasi za malori mpakani. Baba yake, mzee Ilukor, alimwita "mama" tangu angali ananyonya, kwa heshima ya jina. Na ukiitwa mama na baba yako, utakataaje kukibeba kigoda?

Asubuhi hiyo walimpa mrija. Hivyo tu, bila ugomvi.

"Tumewaheshimu akina mama," alisema Emojong, mwenyekiti wa ukoo. "Huu ni mrija wa jina Aguti. Umekuja kukaa."

Vigelegele vilitoka jikoni. Petronilla, mama yake Aguti, alilia waziwazi.

Lakini Okiror, katibu, alikuwa ameacha daftari wazi juu ya goti, na karani hapitwi na karatasi. Aguti alisoma kwa kupindapinda shingo. Tarehe ya leo. *Wanawake waliwakilishwa na Aguti. Kwa kauli ya wengi, shamba la barabarani limeuzwa liwe maegesho ya malori.*

Lile shamba la muhogo. Lililimwa na wanawake kumi na tisa, na watoto wote wa ukoo walikua kwa unga wake.

"Katibu, chungu hakijafunguliwa na wewe umeshafunga mkutano?"

"Aa, dada, ni ya kuanzia tu hiyo. Wakili wa mnunuzi amesema karatasi isiyo na mwanamke itarudishwa."

Aguti akapiga hesabu. Akinywa, amefungwa: wao kumi na wanne, yeye mmoja, na jina la bibi liko chini ya karatasi kama muhuri. Akiinuka, mrija ambao bibi aliufia atakuwa ameuacha kwa miguu yake mwenyewe, na Aguti wa pili yupo Busia, bodaboda nusu saa. Karatasi haikuandika Aguti yupi.

Akatumbukiza mrija chunguni. Hakuvuta.

"Mama, kunywa," baba yake akanong'ona.

"Sina kiu, baba."

Jua likapanda. Simu ikamtetemekea mfukoni: bosi, malori matatu yamekwama kizuizini yakingoja karatasi zake. Hakuipokea. Miguu ikafa ganzi juu ya kigoda kile chembamba. Hakuna aliyeweza kuufungua mkutano, hakuna aliyethubutu kuinuka. Mwishowe Emojong akatoa simu, akapiga.

"Binti yangu wa Busia? Ile hoteli niliyokuahidi pale maegesho, unaitaka ama huitaki? Basi panda pikipiki."

Aguti wa Busia alifika na aproni yake bado kiunoni, unga wa chapati hadi kwenye nyusi.

"Haya, mpishe mwenzako," Emojong alimwambia Aguti. "Umekalia jina la watu tangu asubuhi."

"Apishe nani?" aliuliza yule wa Busia. "Wangu uko wapi?"

"Ni huo huo. Mrija ni wa jina. Wewe si Aguti?"

"Ni Aguti, lakini si huyu!" Akajishika kiuno. "Mzee, darasa la tano huyu alimtukana mwalimu, nikachapwa mimi. Juzi chifu amenikaripia mimi kwa kelele alizopiga huyu. Leo hata kunywa ninywe mate yake? Mimi nataka shamba liuzwe, sikufichi. Nataka hoteli yangu pale. Lakini nitalisema kwa mdomo wangu, na mrija wangu."

"Binti, tumetoa mmoja."

"Basi toa wa pili. Chapati zangu zinaungua."

Jikoni mtu alicheka. Wanaume wakatazama chini. Wa pili ukitoka, wa tatu utazuiwa na nani?

Aguti alimtazama binamu yake. Huyu akipewa mrija, atanywa na kuliuza shamba mchana kweupe. Ilikuwa rahisi kunyamaza tu. Lakini kigoda kilimchoma, na bibi hakukibeba miaka thelathini ili wachaguliwe wanaosema anachotaka yeye.

"Mpeni," akasema.

"Mama!" Ilukor alishtuka. "Huyu atakupinga."

"Najua, baba. Mpeni apinge. Na yule aliyesimama mlangoni anaitwa Petronilla. Hana jina la bibi, ila mdomo anao. Mkiwapa wote, nitakunywa."

Emojong akakitazama chungu. Maji ya chunguni yalikuwa yamepoa, ajon hainyweki baridi, na sufuria ya maji ya moto ilikuwa jikoni, pale mlangoni Petronilla aliposimama. Hakusogea; bila mrija wake, maji hayo hayatoki.

"Sogea wewe," yule wa Busia akamwambia Aguti, akajibana nusu ya kigoda, bega kwa bega, akipukuta unga. "Na usifikirie nimekusamehe shamba."

"Sijafikiria," Aguti akajibu, mrija mkavu mkononi.