Dhambi ya Kumtosha Mama

Fundi friji alikuwa ameshavua joho la kwaya na kufika katikati ya ukumbi, katibu wa wazee wa kanisa angali anasoma. "...ametengwa na Meza ya Bwana, na kwaya, na huduma zote, hadi atakapotubu." Katibu alisoma kwa ile sauti nzito ya msiba wa mtu mwingine. Kosa lenyewe hakulitaja, kwa ajili ya watoto. Watoto wakageuka wote kumtazama fundi, maana walikuwa na habari tangu katikati ya wiki.

Wazee walikuwa wamemwita wakamuuliza yule muuguzi wa kiume anayekaa naye ni nani wake. Fundi, ambaye kanisa hilohilo lilimfundisha tangu utotoni asiseme uongo, akajibu, "Ni mpenzi wangu." Wazee wakashtuka. Jambo lenyewe walilijua siku nyingi. Kilichowashtua ni jibu.

"Sema ni mpangaji mwenzako," mzee mmoja alimbembeleza, "tukanywe chai."

"Si mpangaji, mzee wangu."

Ndiyo yakawa hayo. Sasa mbele yake palikuwa na vitu viwili tu, benchi la nyuma wanakokaa waliotengwa, na mlango. Mlango ulikuwa wazi, na alijua akitoka harudi tena. Tangu ujana alikuwa amemwomba Mungu ambadilishe. Alifunga, akalia, hata akapakwa mafuta ya mhubiri mpita njia yaliyomwasha kichwa wiki nzima. Mungu hakumbadilisha. Alimpa kwanza usingizi mzuri, baadaye akamletea muuguzi, mtu anayesali hata kabla ya kutafuna karanga. Fundi akaona kesi imekwisha: mwenye nyumba ameshampokea, hawa wapangaji wenzake wanapiga kelele za nini?

Akakaa benchi la nyuma.

"Karibu," alinong'ona dereva wa lori, mwenye wake wawili. "Huku feni inafika. Kule mbele wanaiva." Pembeni yake alikaa mshonaji aliyezaa kabla ya ndoa. Aliyempa mimba alikuwa kule mbele, anapiga kinanda, tena vizuri tu.

Yote hayo fundi aliyameza. Kilichomkwama ni mama yake, mwenyekiti wa akina mama, kiti cha mbele kabisa. Mama hakugeuka. Ibada ilipokwisha alipita mlango wa pembeni, na fundi akajiambia kwamba Jumapili ijayo mama asipomtazama, hataweza kuja tena.

Siku chache baadaye friji ya jiko la kanisa ikagoma, akaitwa. Alikuwa ametengwa na huduma zote, lakini friji, walimweleza, si huduma, ni ufundi. Ila malipo ndiyo yatakuwa huduma. Alikuwa amelala chali nyuma ya friji aliposikia sauti ya mama yake chumba cha pili, ofisini kwa katibu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Nimekuja kutengwa."

Katibu akaangua kicheko. "Mwenyekiti! Wewe tena?"

"Nina dhambi. Nimemsengenya mkeo."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Hiyo tukianza kuihesabu, mbele atabaki nani? Nyingine."

"Marehemu mume wangu nilimdanganya umri. Amekufa anajua mimi ni mdogo kwake."

"Hiyo ni busara ya nyumba, mama."

"Mchungaji akipitiliza muda namchukia. Namchukia kabisa."

"Hiyo ni ya wazee wote, na tunaiombea."

Nyuma ya friji, fundi alisogeza sikio kwenye mbao.

"Basi shika hii," mama akasema. "Mwanangu namjua alivyo tangu hajaota ndevu. Nyie mlipouliza ataoa lini, mimi ndiye niliyekuwa nawatunga wachumba. Yule mwalimu wa mbali. Yule mgonjwa."

"Yule tuliyemwombea homa?"

"Huyo."

"Mama, tulifunga siku tatu!"

"Nami nilifunga nanyi. Si akapona?"

"Hakuwepo!"

"Ndiyo maana alipona upesi."

Kiti kilisukumwa. Katibu alikuwa amesimama.

"Na mwanangu sitamwambia atubu," mama akaendelea. "Nimepiga magoti juu ya jambo hili miaka na miaka. Kila nikimtaja, Mungu ananiambia nimshukuru. Wewe akikuambia vingine, basi mna mazungumzo yenu."

"Umetengwa!" Katibu alifoka. Mpaka leo haijulikani kilichomuuma zaidi ni mafundisho ya kanisa au ile njaa ya siku tatu.

"Asante, baba. Nilidhani utanizungusha."

Jumapili mama alikuja na kitambaa chake cha uenyekiti kichwani, akapita viti vyote akielekea benchi la nyuma, watu wametoa macho.

"Sogea. Unanuka gesi."

"Mama, na kiti chako?"

"Kule kuna joto." Akafungua kitabu cha nyimbo. "Na huyo muuguzi wako yuko wapi? Kawa mpagani?"

"Anaogopa."

"Mwambie aje. Mguu wangu umevimba na huku hakuna wa kuuangalia. Haya, imba. Kwaya wamekukataza, lakini benchi hawajalikataza."

Fundi akajaribu kuimba. Sauti ilitoka kwenye ubeti wa pili.

Mama hakurudi mbele hadi alipokufa, na alizikwa na kanisa, baada ya kikao cha wazee. Mshonaji aliolewa na mtu asiyepiga chombo chochote. Mpiga kinanda ni mzee wa kanisa. Dereva alihamishiwa njia nyingine. Katibu alistaafu, magoti yanamsumbua, na muuguzi ndiye anayemchoma sindano. Muuguzi hukaa benchi la nyuma, upande wa feni. Fundi hajatubu wala hajarudishwa mezani, na huja kila Jumapili. Friji bado inagoma.