Suti ya Jumapili Saa Tatu

Mgeni alikuwa na wikendi ya kupasua kichwa, na aliitafuta mwenyewe. Tangu chuo chake kimlete huku kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, miezi minne sasa, hakuwahi kumwambia mtu hapana. Akiombwa acheze mpira, ndiyo. Akiombwa awasemee wenzake, ndiyo. Basi Jumamosi ile akajikuta ana kazi ya pasi asubuhi, mechi saa sita, na saa tisa hotuba mbele ya chuo kizima kwa niaba ya wanafunzi wote wa kigeni. Na asubuhi hiyo hotuba yenyewe bado ilikuwa mistari miwili.

Aliishi kwa Dobi na mkewe, nyuma ya duka lao la kufulia nguo. Jina lake walilijua vizuri, lakini walimwita Mgeni siku ya kwanza, likamganda. Yeye aliwaita Baba na Mama. Dobi alikuwa mzee mfupi, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, mwingi wa utani, ila kwenye jambo moja: nguo za watu. Hapo hakutania. Siku Mgeni alipofika alionyeshwa kitanda, choo, na bomba refu lililotundikwa nguo zilizokamilika, akaambiwa, "Kitanda ni chako, choo chetu sote, na hizi si za mtu yeyote humu ndani. Hata skafu usijaribishe shingoni. Tumeelewana, mwanangu?"

"Tumeelewana, Baba."

Kuelewa, alielewa. Tatizo lilikuwa mdomo wake. Chuoni alikuwa amewaambia wenzake kwamba mwenyeji wake ni mfanyabiashara mkubwa wa mavazi. Si uongo mtupu, alijitetea moyoni, kwani nguo haziingii na kutoka? Wenzake wakamwita Bosi, naye akaitika. Na ukishaitika Bosi, jamani, utapandaje jukwaani na shati la kola iliyochakaa?

Saa nane alirudi kutoka mpirani mbio, jasho linamtiririka, akaoga juu juu. Dobi alikuwa amepeleka mashuka hotelini, Mama yuko uani anasuuza. Shati lake jeupe lilikuwa bado limelowekwa kwenye beseni, maana aliyetakiwa kulifua ni yeye mwenyewe. Akasimama mbele ya lile bomba. Mwishoni kabisa kulikuwa na suti nyeusi, suti pekee pale, ndani ya mfuko wa nailoni, imebandikwa karatasi: Jumapili saa tatu asubuhi. Nani aliileta, lini, hakuuliza. Alichopiga ni hesabu ya saa tu. Ataivaa kwa saa mbili, tatu hivi, airudishe. Nani atajua? Akajipulizia manukato, akaivaa. Ilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye.

Hotuba ilikwenda vizuri kupita kiasi. Watu walicheka palipotakiwa kucheka, wakapiga makofi, mkuu wa chuo akamshika bega. Alipigwa picha mpaka mashavu yakamuuma kwa kutabasamu. "Bosi, hiyo suti si ya mchezo!" mmoja akapayuka, na Mgeni, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akajibu, "Mzee wangu hapendi nivae ovyo." Katika kugonganisha glasi, juisi ya zabibu ikamrukia kwenye mkono wa koti. Aliifuta kwa maji chooni, akajitazama kwenye kioo, hakuona kitu. Saa kumi na mbili kasoro suti ilikuwa imerudi kwenye mfuko wake, na Mgeni yuko mezani anasifiwa na Mama kwa kuwahi nyumbani. Akamtumia mama yake wa kumzaa picha moja, ile iliyotoka vizuri zaidi, akalala fofofo.

Jumapili saa tatu kamili alikuwa anafagia duka mlango ulipofunguka. Aliingia mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Dobi aliacha chai yake, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Mmelala kidogo?"

"Tulale wapi, Baba? Nimefuata suti ya mzee. Saa nne wanamvisha, saa saba tunazika."

Ufagio ukasimama. Mgeni alitazama lile bomba, akapekua kwa macho nguo moja moja, akiomba pawe na suti nyingine hata ya mtoto. Haikuwepo.

"Aliivaa siku ya kunioza mimi," mwanamke aliendelea, sauti imekauka. "Tulipofika nyumbani akaivua, akasema, hii sasa mtanivika siku ya kwenda. Basi akaifungia kabatini. Mara moja tu, Baba. Ya pili ndiyo leo."

Ya pili ilikuwa jana, na leo ni ya tatu, lakini mle dukani aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja tu, na ameshika ufagio.

Dobi alikuwa na kawaida yake: nguo haitoki kabla hajaikagua mbele ya mwenyewe. Kola, vifungo, pindo, mifuko. Akafungua nailoni. Pua ikamcheza. Akapapasa mkono wa koti, akarudi nyuma kidogo, akakinusa kidole. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa ndani, ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliifungua, akasoma mstari mmoja. Mgeni hakuhitaji kusogea, mwandiko aliujua. *Mheshimiwa mkuu wa chuo, wageni waalikwa...*

Dobi hakugeuka kumtazama. Aliitia ile karatasi mfukoni mwake.

"Nisamehe, mwanangu. Kuna doa hapa, limenipita. Nimekosea mimi. Nipe nusu saa."

"Wewe, Baba?" Mwanamke alishangaa kweli. "Mzee alikuwa anasema siku ukikosea wewe, yeye ataanza kujifulia." Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio, akakaa kwenye benchi na kujifunika uso.

Mgeni akalaza ufagio chini. Ni mimi, dada, ni mimi niliyeivaa: maneno yalikuwa tayari ulimini. Alipiga hatua moja, Dobi akamkamata kiwiko na kumvuta nyuma ya pazia, penye meza ya pasi.

"Unakwenda kumwambia nini?" akanong'ona.

"Ukweli, Baba."

"Ili nani apumue? Ana saa moja ya kumvisha baba yake. Unataka amvishe huku anakufikiria wewe na makofi yako? Huo ukweli ni wako, kaa nao. Lete maji ya moto."

Loo! Hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Angetukanwa, angeomba msamaha, yangekwisha. Sasa hakuwa na pa kuipeleka. Alishika ule mkono wa koti huku mzee akisugua kwa brashi ndogo, taratibu. Mgeni alitamani apigwe kofi. Doa lilitoka. Manukato yalikataa. Dobi aliipitishia kola mvuke mara tatu, akanusa, akatikisa kichwa, akaifunga suti vivyo hivyo.

Mwanamke alipoipokea aliikumbatia kifuani.

"Hata marashi mmemtilia!" alisema, machozi yanamtoka upya. "Mungu akubariki, Baba." Kisha akamgeukia Mgeni. "Na wewe kaka, asante kwa kumtayarisha mzee wetu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa.

Mlango ulipofungwa, Dobi alisema neno moja tu. "Vaa. Tunakwenda kuzika."

"Shati langu limelowa, Baba."

"Litakaukia mwilini."

Likamkaukia mwilini, nyuma kabisa ya waombolezaji, amesimama kichwa chini, na kila upepo ulipovuma alihisi anasikia harufu yake mwenyewe kutoka mbele kule.

Jioni alipoingia chumbani, ile karatasi ya hotuba ilikuwa juu ya mto wake, imenyooshwa kwa pasi, haina hata kunyanzi moja. Alikuwa bado ameikodolea macho simu ilipolia. Mama yake wa kumzaa.

"Mwanangu! Picha tumeiona! Baba yako kaipeleka kutiwa fremu, itakaa sebuleni. Umependeza, jirani kutwa anaisifu. Hiyo suti ya nani?"

"Niliazima, mama."

"Umemrudishia mwenyewe?"

"Nimemrudishia."

"Na asante ukasema? Nisije nikasikia nimezaa mtoto asiyeshukuru."

Mgeni akakaa kitandani.

"Sikuwahi, mama," akasema.