Jino la Mwisho la Bibi Malsun

Bibi Bang Malsun alibakiwa na jino moja, na kwa miaka mingi hakuna aliyelithamini, hata yeye mwenyewe. Lilikuwa chonge la chini, la manjano, limeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Jumatatu moja likapanda cheo ghafla.

Kliniki ya meno iliyo karibu na soko la mji wa Chungju, ambako Malsun humenya vitunguu saumu kutwa ili posho yake ya uzee ifike mwisho wa mwezi, ilibandika tangazo dirishani. Mzee aliyetimiza miaka sitini na mitano atapandikizwa meno mawili kwa bima ya serikali, mwenyewe alipe chini ya theluthi. Meno ya skrubu, yaliyokazwa mfupani, hayachezi! Malsun alilisoma mara tatu. Meno ya kuvaa alikwisha kuyajaribu: alitengenezewa na fundi wa mlango kwa mlango, asiye na cheti wala haya, na kwenye harusi ya mpwa wake alipocheka yakarukia bakuli la supu la baba wa bwana harusi. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, nao hata hawakuwepo harusini. Tangu siku hiyo alikula uji, huku akiwasikiliza wenzake sokoni wakitafuna kakdugi, figili iliyochachuliwa kwa pilipili, kru, kru, kru. Sauti ile ilimtia uchungu kuliko njaa.

Akaingia ndani.

"Una meno mangapi, bibi?" karani akauliza.

"Moja."

"Hongera! Lingekuwa halipo tusingekusaidia. Meno ya kupandikiza ni ya mwenye pengo, na asiye na jino hata moja hahesabiwi kuwa na pengo."

"Ala! Ana nini basi?"

"Ana haki ya meno ya kuvaa. Daktari anarudi Alhamisi. Njoo, na uje nalo mdomoni."

Naam, ndiyo hekima ya wakubwa: mwenye nacho huongezewa, kibogoyo hupewa pole. Malsun akarudi nyumbani kaziba mdomo kwa kiganja, upepo usije ukamharibia. Siku tatu alilisukutua jino lile kwa maji ya chumvi, akalalia ubavu wa kulia tu, hakupiga chafya bila kulishikilia. Lilimuuma hadi sikioni. Akalibembeleza, "Vumilia, mpenzi, hadi Alhamisi tu." Marehemu mumewe hakuwahi kuitwa mpenzi.

Alhamisi asubuhi akaja Ok Bunrye, muuza dagaa wa kibanda cha jirani, miaka sitini na tisa na meno ishirini na saba, anayerarua pweza mkavu kama karatasi.

"Dada Malsun, leo unapimwa, leo ni mtihani! Nimekuletea hii." Ilikuwa yoti, peremende ya mchele inayonata, ile wanayopewa watoto siku ya mtihani ili nao wanate kwenye orodha ya waliofaulu.

"Wewe Bunrye, una wazimu? Na jino langu hili?"

"Si unyonye tu, dada! Nani kasema utafune? Ukiikataa unajitakia nuksi mwenyewe."

Nuksi ilimtisha. Akanyonya. Lakini taya lina mazoea yake, na yoti ilikuwa tamu. Akauma mara moja. Alipoitoa peremende mdomoni, chonge lilikuwa limesimama katikati yake, wima, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Malsun hakupiga kelele. Alimega kipande cha yoti ile ile, akakikandika kwenye ufizi, akalirudisha jino mahali pake na kusema kwa meno yaliyofungwa, yaani kwa jino, "Twende."

Kliniki, Daktari Pyo aliligusa kwa kioo chake kidogo. Jino likaanguka kwenye sinia, ting.

"Bibi," akasema taratibu, "hili limenata kwa nini? Linanukia peremende."

Karani akaandika sifuri, akatoa fomu ya meno ya kuvaa. Malsun akaona machozi yanamjia, akayachukia. Kisha karani akamgeukia Bunrye, aliyekuwa analia wazi, mdomo wazi.

"Na wewe bibi, una miaka mingapi? Mbona naona mapengo pale nyuma? Wewe unastahili mawili."

Bunrye akafumba mdomo haraka. "Mimi? Mimi nimemsindikiza tu! Sitaki, dada, haki sitaki!"

Malsun akaitazama yoti mkononi mwake, kisha akamtazama shoga yake.

"Jiandikishe, mjinga wewe," akasema. "Peremende imefanya kazi. Imekosea mdomo tu."