Kura ya Kivuli

Kura zote za kijiji kile zilikuwa za picha, isipokuwa moja. Moja hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Picha ilikuwa ya Rais. Aliyemtaka aliweka alama yake juu ya picha, na asiyemtaka aliiweka kwenye kisanduku cheusi pembeni, ambacho watu walikiita kivuli. Mgombea alikuwa mmoja, Chama kilikuwa kimoja, na hata punda wa kule Kang'ata walijua nani atashinda. Lakini wakubwa wana roho nyepesi kuliko sisi, na mtu mmoja akiwakataa hawapati usingizi.

Mwinjuma, balozi wa nyumba kumi, alimjua aliyepiga kura ile tangu jioni ya siku ya uchaguzi, maana mwenyewe alimwambia, tena kwa madaha. Alikuwa mama yake mzazi, Bi Chausiku.

"Eti niweke alama kwenye picha," alisema bibi yule huku akikung'uta vumbi kwenye kanga. "Hivi mwanangu una akili kweli? Nimkwaruze mtoto wa watu usoni, halafu akiugua? Hiyo si kazi ya wachawi? Mimi nimemstahi. Nimeiweka pale pembeni, penye kivuli, na yeye apumzike. Kazi zimemzidi."

Mwinjuma alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakucheka tena siku lilipofika lori.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao wakapangwa kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, kisha mvua ikagoma. Watu walikuwa wakila mizizi ya porini, na matumbo ya watoto yamevimba. Kwa hiyo lori la mahindi ya njano lilipoingia kutoka Korogwe walilipokea kwa vigelegele. Mbele, kando ya dereva, aliketi Ndugu Yordani, katibu wa Chama, ndani ya shati lake la kijani. Alishuka, akangoja vigelegele viishe.

"Mahindi haya ni ya wananchi," akasema. "Katika kijiji hiki yumo adui wa wananchi, na tunao ushahidi kwenye sanduku la kura. Nionyesheni huyo mtu, turubai lifunguliwe. Msiponionyesha, lori linageuza."

Kisha akamvuta Mwinjuma kando, nyuma ya lori.

"Wakubwa wananiuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe. Nataka mtu, Balozi. Mtu mzima, mwenye miguu ya kupandia gari."

Mwinjuma alimwona mawazoni mama yake akisukumwa juu ya lori, na kanga yake ikiburuzika. Aliuona pia ubalozi wake ukienda, na ufunguo wa ghala la kijiji ukining'inia kiunoni mwa mtu mwingine. Ningependa kusema kwamba la mama ndilo lililomuuma zaidi. Mwenyewe hakujua, na mimi sitamsemea.

Mwisho wa mstari wa nyumba alikaa Parsimei, mfugaji, na mkewe Namelok. Walikuwa wageni pale, na Parsimei hakujua kufunga mdomo. Walipoamriwa kujenga kwenye mstari, alisema mbele ya viongozi kwamba ng'ombe wake hawajasomea gwaride. Wote walilikumbuka neno lile. Walikumbuka pia, ingawa hilo hakuna aliyelitaja, kwamba katika njaa ile yeye ndiye aliyempelekea Bi Chausiku kibuyu cha maziwa kila asubuhi, bila kuombwa.

"Ni Parsimei," Mwinjuma alisema watu walipokusanyika. "Nilimsikia kwa masikio yangu akijisifu."

Parsimei alisimama akiegemea fimbo yake. Hakuwa na hasira hata kidogo; alidhani ni kosa dogo la kusahihishwa.

"Balozi, unajua siku ile nilikuwa na ng'ombe kule kuelekea Kabuku. Mimi sikupiga kura kabisa."

"Kumbe hata kupiga kura hukupiga!" akasema Yordani. "Basi una makosa mawili."

Watu walilitazama turubai. Wengi wao walikuwa wamekunywa maziwa ya mtu yule. Ndipo Bi Chausiku akainuka kutoka mkekani, mkono kiunoni.

"Mwacheni mume wa watu," akasema. "Ile kura ni yangu. Nimeweka kivulini kwa sababu mimi simchori mtu usoni, hata mnipige. Mwanangu anajua, nilimweleza siku ileile. Mwinjuma, si ulicheka wewe?"

Watu waliangua kicheko, kicheko cha kutua mzigo. Yordani hakucheka. Alikuwa ameelewa vizuri sana kwamba bibi yule anasema kweli, wala hakutaka kweli. Alimgeukia Mwinjuma, akauliza polepole ili wote wasikie:

"Balozi, kura ya adui imetoka nyumbani kwako?"

"Hapana, Ndugu Katibu," akasema Mwinjuma. "Msimsikilize. Mama yangu ana wazimu. Ni miaka sasa. Usiku anaongea na kuku. Wakati mwingine tunamfungia ndani."

Hayo ya kuku na ya kufungiwa hakuna aliyemuuliza. Aliyaongeza mwenyewe, na yalimtoka kwa urahisi wa kutisha. Bi Chausiku alimtazama, akingoja aseme anatania. Alipoona hasemi, akaketi taratibu, akajifunika kanga kichwani.

Parsimei alifungwa mikono kwa kamba ya gunia. Aliondoka na lori tupu, na ng'ombe wake wakatangazwa kuwa mali ya kijiji.

Mchana ule wote Mwinjuma alisimama mlangoni mwa ghala akipima mahindi kwa debe. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyepita bila kumwamkia. Hata wazee waliompita umri walimpa shikamoo, macho yao kwenye debe. Aliitikia mpaka taya zikamchoka.

Aliporudi nyumbani alikuta mkeka wa mama yake haupo. Majirani walimwonyesha kwa kidevu tu: kwa Namelok. Akajitwika debe la mahindi, akaenda mpaka mwisho wa mstari, akapiga hodi.

Namelok alikuwa ameketi ndani, na hakugeuza shingo. Aliyekuja mlangoni ni Bi Chausiku. Aliyatazama mahindi, akamtazama mwanawe. Kisha akapiga magoti mbele yake, kama mwali mbele ya mkwe.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba," kinywa cha Mwinjuma kikaitikia, kabla hajajua anamwitikia nani.